Ndama wa Majani

Darmi alipaka udongo wa chumvi shingoni, wala si tumboni, kwa sababu shingo ndiyo aliyopenda ng'ombe Burre kuilamba. Alichota kidogo kwa vidole viwili, akautemea mate, akasugua mpaka nywele za ile ngozi zikalala upande mmoja. Nyuma yake ng'ombe alikwisha anza kulia, kile kilio cha chini cha kumwita mtoto.

"Haya, mlete," mama mkwe wake alisema kutoka mlangoni. "Mtoto ana njaa."

Darmi aliinua sanamu, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, akaisimamisha mbele ya Burre. Ilikuwa ngozi ya ndama iliyojazwa majani makavu, imeshonwa tumboni kwa ukambaa wa mkoma, na badala ya miguu ina vijiti vinne. Macho haina. Palipokuwa na macho pana matundu mawili yaliyojikunja wakati ngozi inakauka. Burre alinusa. Alinusa tena, kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kisha akatoa ulimi, akaanza kulamba, na kiwele chake kikajaa.

Maziwa yakaanza kupiga ndani ya chombo.

"Ng'ombe ni mjinga sana," alisema Boru, ndugu wa mume wa Darmi. Alikuwa ameegemea ua wa miiba akitafuna mswaki. "Tazama anavyolamba nyasi zangu. Mimi ndiye baba wa ndama huyu. Nimemshona mwenyewe kwa mikono hii."

"Ndiyo maana haoni," mama yake alimjibu. "Kafanana na baba yake."

Boru alicheka mpaka mswaki ukamdondoka. Darmi hakucheka. Hakukasirika pia. Alikamua mpaka chombo kikawa kizito kati ya magoti yake, akaondoka na sanamu, akimwachia kazi ya kugawa maziwa mama mkwe wake, ambaye mjukuu wake alimwita Akko, na kwa kumfuata mtoto, boma zima lilimwita hivyo.

Mwaka ule sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa imepita katika nchi ya Tana. Ilianzia kaskazini, watu wakaleta habari, na kabla habari haijazoeleka, ng'ombe wa Waorma walikuwa wamelala chini mbugani, machozi yakiwatoka, wakihara damu. Boma la Hirbo, mume wa Darmi, lililokuwa na kelele tangu alfajiri, lilinyamaza. Alibaki Burre peke yake, yule wa madoa, aliyeugua akapona. Mbuzi nao waliliwa mmoja mmoja mpaka wakaisha. Hirbo alichukua mkuki na kiriba cha maji akaenda upande wa Bangale kuwaomba ndugu zake mtamba mmoja wa kuanzia, na tangu hapo hakuna mpita njia aliyeleta salamu zake.

Halkano alikufa kabla ya ndama. Halkano alikuwa mtoto mchanga wa Darmi, na walimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa usiku. Alikufa mchana, kwa homa, wakati mama yake yuko mtoni anachota maji. Darmi aliporudi wanawake walikuwa wamekwisha mfunika. "Lia, Darmi," walimwambia. "Kilio kisikukae ndani." Yeye alitua kibuyu, akaangalia kama maji yamemwagika njiani, akauliza kama Barwako amekula.

Barwako ndiye binti yake mkubwa. Ndio kwanza alikuwa anabadili meno.

Siku chache baadaye ndama wa Burre akafa naye, na Burre akayazuia maziwa. Ng'ombe wa kule ndivyo walivyo. Asipomwona mtoto wake, hatoi hata tone, utamkamua mpaka vidole viume. Basi Boru akamchuna ndama, akaijaza ngozi majani, kama baba yake alivyofanya na babu yake alivyofanya, na maziwa yakarudi. Hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba. Ya asubuhi alikunywa Barwako. Ya jioni yaligandishwa, yakasukwasukwa, na siagi ikapelekwa mtoni kwa Wapokomo, ikarudi mahindi. Nyumba nzima ilisimama juu ya ulimi wa ng'ombe mmoja na shingo ya ngozi moja.

Mara ya kwanza sanamu ililala nje, na fisi akanyofoa mkia. Akko akasema iingizwe ndani. Nani aiangalie? Darmi, kwa kuwa ndiye anayekamua. Kitanda chake cha fito kilikuwa chembamba, na Barwako alikuwa amezoea kulala mgongoni pake. Sanamu ikawekwa pale ili panya wasiitafune, Barwako akahamia kwa Akko.

"Ni kwa muda tu," Akko alimwambia. "Njoo, mimi nina joto kuliko mama yako."

Hakuna aliyeona ubaya. Hata Darmi mwenyewe hakuona kitu. Alichojua ni kwamba kifua chake kilikuwa bado kimejaa, kwa sababu mwili haukupewa habari, na kilikuwa kinauma kama jipu. Asubuhi moja aliamka akakuta amejiegemeza kwenye ile ngozi, na maumivu yamepungua, na nywele za mdomoni pa sanamu zimelowa. Aliziangalia. Alizifuta kwa kiganja. Siku iliyofuata hakuzifuta.

*

Siku za kupeleka siagi, Darmi alitembea na wanawake wengine wa boma mpaka ukingoni mwa mto, upande wa Garsen, ambako Wapokomo walikuwa na mashamba yao ya mpunga na migomba. Huko alikuwa na mwenzake wa kubadilishana naye vitu, Mwanaarusi, mwanamke mnene wa maneno mengi. Mmoja hakujua Kiorma, mwingine hakujua Kipokomo, kwa hiyo walisema Kiswahili cha njiani, kile kinachotosha kwa siagi na mahindi na salamu.

Siku hiyo Mwanaarusi alikuwa amekaa na wenzake wakimenya maboga. Aliinua kichwa.

"Wee, Darmi! Umejifungua lini tena wewe?"

Darmi alikuwa amefunga kitu mgongoni kwa ngozi ya kubebea. Alipogeuka, wakaona vijiti vinne vimechomoza chini.

"Ni ndama wa Burre," alisema.

"Ndama! Mimi naona miguu, nasema huyu mtoto kakonda hivi kwa nini, hawampi uji?"

Wanawake walicheka. "Mbona umembeba?" mmoja aliuliza.

"Kuna panya nyumbani."

"Panya!" Mwanaarusi alisimama, akachukua ndizi iliyoiva, akaimenya, akaisogeza kwenye mdomo wa ngozi. "Kula, mwanangu. Kula, usione haya, hapa ni kwa shangazi yako."

Darmi alimshika mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Hajaanza kula," alisema. "Bado ananyonya."

Wanawake wakacheka tena, zaidi ya mwanzo. Mmoja alijipiga paja. Yule mwanamke wa Waorma ambaye hajawahi kusema jambo la kuchekesha, leo kasema. Mwanaarusi naye alicheka, halafu akamtazama Darmi usoni, akawa wa kwanza kunyamaza. Ndizi alibaki nayo mkononi, haijui iende wapi.

Walipomaliza kupima mahindi alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba.

"Mwenzangu," alisema, "mimi nimezika watatu. Sikwambii kitu nilichosikia. Yule wa pili alipokufa nililala na mchi. Mchi wa kinu, ndiyo. Nikaufunga kitambaa. Mume wangu akauona, akauchukua, akampa mama yake atwangie. Nilimchukia yule mtu mpaka mvua ikanyesha."

"Kisha?"

"Kisha nini? Nikala ugali wa unga uliotwangwa kwa ule mchi. Nilikuwa na njaa." Alisimama. "Mlaze nje huyo. Ngozi ni kitu cha nje."

"Kuna fisi," Darmi alisema.

Mwanaarusi alirudi mbio shambani, akaja na masuke mawili zaidi ya mahindi, akamtilia kapuni bila kudai kitu. "Mpe Barwako," alisema. "Hao unao wawili, wa kuzika na wa kulisha. Umenielewa? Kiswahili changu si kizuri."

"Ni kizuri," Darmi alisema, akaondoka.

*

Kifua chake kilipokauka, alianza kutumia chombo.

Alifanya hivyo asubuhi, akishatoka kwa Burre. Kabla ya kumpelekea Akko maziwa, alipita ndani. Alikalia kitanda, akaiweka sanamu mapajani, akapanua kwa kidole ile nafasi ndogo kati ya nyuzi mdomoni, akamimina. Maziwa yaliingia, yakapotea. Ndama wa kweli hukohoa akinywa haraka. Huyu alikunywa kimya na hakukataa kamwe. Na Darmi, ambaye tangu siku ile hakuwa ameimba wala kulia wala kugombana na mtu, alitoa sauti kooni, wimbo usio na maneno, wa juu juu, kama maji yanapochemka kwenye chungu kilichofunikwa.

Barwako aliujua wimbo huo. Zamani aliimbiwa yeye, na baadaye Halkano.

Alikuwa anakaa upande wa nje wa nyumba, pale mikeka ya ukuta ilipoachana kidogo, akichungulia. Aliona maziwa yakimiminwa. Kidogo mwanzoni, kiasi cha kiganja. Baadaye zaidi. Kisha alizunguka mbele, akapokea kibuyu chake kutoka kwa Akko, na kibuyu kilikuwa chepesi kuliko jana.

"Majani ya mbugani yamekauka," Akko alisema akiinamisha chombo hadi tone la mwisho. "Ng'ombe atoe nini?"

Barwako alikunywa. Alijua majani siyo sababu. Lakini akisema, wimbo utaisha, na yeye atabaki na mama asiyetoa sauti yoyote, anayempita uani kama mtu anavyopita kigingi. Kwa hiyo alinyamaza, akawa anawahi pale penye mwanya. Mikono yake ikaanza kukonda. Jino lililolegea lilitoka, hakumwonyesha mtu, akalitupa vichakani.

Kisha inzi wakaja. Walianza kwa kutua tumboni mwa sanamu, kwenye mshono. Darmi aliwapunga kwa tawi. Alifunga shanga shingoni mwa sanamu, akaacha kumpaka udongo wa chumvi kwa kuwa ulimkwaruza. Alimpangusa kila siku kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi ililainika. Ndani palikuwa pazito, na mtu akiweka mkono ubavuni alihisi joto, na joto hilo Darmi alilijua lilivyo, akaona ni sawa, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Siku Burre alipokataa, jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri. Alinusa mara moja. Akavuta kichwa. Akanusa tena, akatoa pumzi kwa nguvu, kisha akarudi nyuma na kupiga chombo kwa kwato, kikaenda kugonga ua.

"Ana nini huyu?" Akko aliuliza.

"Sijui," Darmi alisema.

Jioni akakataa. Kesho yake akakataa, safari hii akaishushia sanamu pembe, na Darmi akajitia katikati. Pembe ilimpita kiunoni. Boru alimvuta kwa vazi lake.

"Shemeji! Unakufa kwa ajili ya majani?"

Barwako alichemshiwa makoma. Ni matunda magumu, utamu wake ni wa nje tu, na mtoto akila peke yake tumbo humkaza. Alikula, akaumwa tumbo, akalala kwenye kivuli cha nyumba akikunja magoti. Hakulia. Alikuwa amejifunza nyumbani kwao kwamba watu hawalii.

Boru alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaleta kisu chake na jiwe la kunolea, akaketi mbele ya mama yake.

"Kesho akikataa namchinja," alisema.

"Mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe akirudi atamkuta mtoto wake hai. Ng'ombe asiyetoa maziwa ni nyama inayotembea, mama. Humu bomani watu wanakula ngozi za viatu."

"Tutakula siku ngapi? Halafu?" Akko alisema. "Huyu ni wa mwisho. Tukimla huyu sisi si watu wa ng'ombe tena. Tutakwenda kuwalimia Wapokomo mpunga?"

"Wapokomo wanakula."

Akko alikuwa anafikiri. "Yule mwanamke wa mtoni," alisema mwishowe. "Wanawake walinihadithia. Alimgusa ndama mdomoni kwa ndizi. Ng'ombe gani atakubali mtoto anayenuka ndizi?"

"Ndizi!" Boru aliacha kunoa.

"Wewe cheka. Lete hiyo sanamu nje. Tutatoa majani, tutatia mengine."

*

Waliifungua sanamu uani, mchana, watu wa nyumba jirani wakiwa wamekuja kutazama kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi tena. Darmi aliileta mwenyewe. Aliiweka chini taratibu, akiitanguliza miguu ya nyuma.

Akko alipitisha kisu chini ya ukambaa. Mshono wa kwanza ulipokatika, harufu ikatoka, na watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma wote pamoja. Majani hayakuwa majani. Yalikuwa meusi, yameshikana, yanatoa mvuke, na katikati yake kulikuwa na mabonge meupe yaliyoganda, na ndani ya mabonge kitu kilikuwa kinatembea.

Akko alichota kwa ncha ya kidole. Akanusa.

"Maziwa," alisema.

Akko alimtazama Darmi. Kisha akageuka akamtazama Barwako aliyelala kivulini, mabega yake, shingo yake ilivyokuwa nyembamba.

"Wewe ulijua?"

Barwako aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Kumbe tulikuwa na ndama kweli," Boru alisema. "Tena mnyonyaji." Alingoja mtu acheke, kisha akaonekana kutaka kuyarudisha maneno yake.

Darmi alikuwa amechuchumaa. Alikuwa anakusanya yale mabonge kwa mikono miwili na kuyarudisha ndani ya ngozi, bila haraka, kama mwanamke anayerudisha unga uliomwagika. "Msikate mgongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya kuomba chumvi. "Mgongo bado mzima."

Mwanamke mmoja wa jirani aliguna, akaondoka akivuta watoto wake. Akko alibaki amesimama na kisu. Angeweza kumpiga, na watu waliobaki walingoja ampige. Badala yake alishuka chini, magoti yakalia, akaishika mikono ya Darmi mpaka ikaacha kukusanya.

"Mimi ndiye niliyesema alale kwako," alisema. "Nyanyuka ukanawe."

Darmi alinyanyuka, akanawa. Alikaa mlangoni mikono ikiwa mitupu mapajani, viganja juu, akitazama.

Ngozi waliifua kwa mchanga wa mto na majivu. Waliifukiza kwa moshi wa kuni zilezile za kufukizia vibuyu vya maziwa. Akko aliisugua kwa mkojo wa Burre na samadi yake, akaisugua tena, mpaka harufu ya mtu ikaondoka, au karibu yote. Asubuhi Boru alijaribu kuijaza. Lakini ilikuwa imelainika mno, na tumboni imetoboka kila uzi ulipopita. Alipotia majani yalitokea chini. Aliposimamisha, ilikunja mgongo na kulala.

"Haisimami," alisema. Kisu kilikuwa kiunoni. "Mama, nimejaribu. Inataka kitu kilichosimama tayari, iivae tu."

"Angekuwepo hata mwanambuzi," Akko alisema.

"Tulimla. Wewe ulikula paja."

"Nitasimama mimi."

Waligeuka. Barwako alikuwa amejishika kwenye ua, amesimama.

"Nani kakuita?" Akko alisema. "Rudi kivulini."

"Naweza kuinama hivi." Aliinama, mikono chini, mgongo ukanyooka. Mifupa ya mgongo ilionekana yote.

Boru alianza kucheka, akaacha. Alimpima kwa macho, kisha akaipima ngozi, akamtazama mama yake.

"Kimo ni hichohicho," alisema kwa sauti ndogo.

"Una wazimu? Jana alimshushia pembe mtu mzima."

"Nitamshika pembe. Mama, ama hivi, ama kisu. Wewe chagua."

Akko aliangalia mbugani, upande wa kaskazini, kana kwamba Hirbo angetokea muda huohuo akiswaga mtamba. Palikuwa na vumbi tu. Akaifunga mikono kifuani. "Darmi ndiye anayejua mafundo yake," alisema.

Darmi alikuja alipoitwa. Alimfunika mtoto, akavuta ngozi ya kichwa mbele mpaka ikashuka usoni, akafunga ukambaa chini ya kidevu, mwingine kifuani, mwingine tumboni. Mikono yake, ambayo tangu jana haikuwa na kazi, ilikwenda mbio. Alipaka udongo wa chumvi shingoni. Alitema mate, akasugua, akalaza nywele upande mmoja. Kwa matundu yale mawili Barwako alimwona mama yake akimtazama. Alikuwa karibu sana. Hakuwa amemwona karibu hivyo tangu kabla ya sotoka.

"Usiinue kichwa," Darmi alisema.

Boru akamleta Burre, ameshika pembe zote mbili, miguu yake imejikita ardhini. Ng'ombe akanusa. Akatoa pumzi, na Barwako akaisikia moto shingoni. Akanusa mgongo, akanusa masikio makavu ya ngozi, akarudi shingoni. Boru alikuwa anatweta. Akko alikuwa ameuma ncha ya vazi lake.

Ulimi ulipogusa, mtoto aliyumba. Ulikuwa mkwaruzo kama wa msasa, mzito, ukimsukuma kichwa chini kila unapopita. Alikita mikono mchangani. Burre akalamba, akaguna ile sauti ya chini, akalamba tena, na Darmi, aliyekuwa amekwisha chuchumaa na chombo magotini, akavuta. Hakuna. Akavuta tena.

Maziwa yakapiga ndani ya chombo.

Hayakuwa mengi. Akko alikipokea chombo, akanusa, akaingia nacho kwake, akamimina yote katika kibuyu cha mjukuu wake, hakujibakishia hata ya kulamba kidoleni. Boru aliachia pembe, akakaa chini palepale penye samadi.

"Mvueni mtoto," alisema, akicheka na kufuta jasho. "Jua limeanza kuwa kali. Wallahi huyu ni dume kuliko mimi."

Darmi alisimama. Alifuta mikono kwenye vazi lake, akainama. Mkono mmoja ukapita chini ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja. Akainua ngozi na kilichokuwa ndani yake, akakitoa juani, akaenda nacho nyumbani.

Barwako alikuwa ameona mara nyingi jinsi sanamu inavyobebwa. Alinyoosha mikono. Alinyoosha miguu, akakaza magoti yasikunjike.

Ndani Darmi alimlaza upande wa ukutani, akaketi kando yake, akaanza kulaza nywele za ngozi kutoka shingoni kwenda mgongoni. Chini ya ngozi palikuwa na giza na moshi na harufu ya majivu. Mkono ulikuwa mzito, mtaratibu. Ulipita, ukarudi, ukapita. Kisha kooni mwa Darmi wimbo ukaanza, ule usio na maneno, na safari hii haukutoka upande wa pili wa mkeka.

Barwako alifumba macho.

"Barwako!" Akko aliita uani. "Njoo unywe yangali na joto!"

Mkono ukashuka ubavuni. Ukasimama hapo. Kitu kilikuwa kinapiga chini ya ngozi, haraka haraka, na wimbo ukakatika.

"Barwako! Kaenda wapi mtoto huyu?"

Mkono haukuondoka, wala haukuendelea. Barwako akabana pumzi, akaibana zaidi, akijaribu kukinyamazisha kile kilichopiga kifuani mwake.